Nabonidus, Mfalme Aliyekiacha Kiti Chake

Nebukadneza alipokufa mwaka 562 K.K., baada ya kutawala miaka 43, aliacha Babeli yenye kuta nene, mahekalu yaliyojengwa upya na hazina iliyojaa mali za mataifa. Humo hazinani vilikuwamo pia vyombo vya nyumba ya Bwana kutoka Yerusalemu. Miaka 23 baadaye jeshi la Uajemi liliingia mji huo huo bila kupigana. Wengi humtazama Koreshi peke yake wanapoeleza anguko hilo. Lakini ugonjwa ulianza ndani, na hauonekani vizuri mahali pengine kuliko katika maisha ya mtu ambaye Biblia haimtaji kwa jina, ingawa mwanawe inamtaja: Nabonidus, baba yake Belshaza.

Nabonidus hakuzaliwa kuwa mfalme, na katika maandishi yake mwenyewe alikiri kwamba hakuwahi kuutamani ufalme. Evil-merodaki, yule aliyemtoa Yehoyakini gerezani (2 Wafalme 25:27), aliuawa baada ya miaka miwili. Neriglissar aliyeshika kiti baada yake alitawala miaka minne, na mwanawe aliyemrithi aliuawa kabla ya kumaliza mwaka. Wakuu waliofanya mapinduzi hayo ndio waliomweka Nabonidus mwaka 556 K.K. Tayari alikuwa mtu mzima, mwenye mwana aliyekua.

Ili kumwelewa, ni lazima kumjua mama yake, Adad-guppi. Mama huyu alikuwa wa Harani, mji ule ambao Tera na Abramu walikaa walipotoka Uru wa Wakaldayo (Mwanzo 11:31). Miji yote miwili ilikuwa makao ya ibada ya mungu mwezi, aliyeitwa Sin. Hekalu la Sin kule Harani lilibomolewa vitani mwaka 610 K.K. Tangu hapo Adad-guppi aliacha mavazi mazuri na manukato, akavaa nguo zilizochakaa, akaomba miaka mingi nyumba ile isimamishwe tena. Jiwe lililoandikwa habari zake lasema aliishi zaidi ya miaka 100. Maombi ya mama yule yangeweza kuwaaibisha wengi wanaomjua Mungu wa kweli. Ila aliyekuwa akiombwa ni mwezi.

Mwana aliirithi bidii ya mama. Aliamini kwamba Sin amemwagiza katika ndoto alijenge upya hekalu la Harani. Alimweka binti yake kuwa kuhani wa kike wa mungu huyo kule Uru. Kila alipotengeneza hekalu la kale alichimba mpaka aupate msingi wa kwanza, akifurahi kama mtu aliyeokota hazina. Kule Sippar alifikia msingi wa mfalme Naram-Sin, akahesabu kwamba umekaa ardhini miaka 3,200. Alizidisha kwa zaidi ya miaka 1,000. Huku akichunguza misingi ya wafalme waliokufa, msingi wa kiti chake mwenyewe ulikuwa ukilegea, maana makuhani wa Merodaki, mungu mkuu wa Babeli, waliona mungu wa Harani akipandishwa juu ya wa kwao, mwaka hata mwaka.

Kisha akafanya jambo ambalo wanahistoria wangali wanabishana juu ya sababu yake. Yapata mwaka 552 K.K. alimwachia Belshaza jeshi na utawala wa mji mkuu, akavuka jangwa zaidi ya kilomita 700 hadi Tema, kaskazini-magharibi mwa Arabuni, katika nchi ambayo leo ni Saudia. Tema ilikuwa kituo cha misafara, nayo Biblia inaitaja pamoja na Dedani (Isaya 21:13, 14). Nabonidus aliziteka oasisi za njia ile mpaka Yathrib, mji uitwao sasa Madina. Wengine husema alifuata mali ya biashara. Wengine, ibada ya mwezi. Yeye mwenyewe aliandika kwamba watu wa Babeli na miji mingine wamemkosea Sin, ndiyo sababu wakapigwa kwa maradhi na njaa. Hata ikiwa kulikuwa na faida ya biashara, mfalme anayeondoka akiwalaumu raia wake namna hiyo hawezi kutarajia wamlinde siku ya hatari.

Alikaa huko miaka 10. Kila mwezi wa Nisani Babeli ilikuwa na sikukuu ya mwaka mpya, ambayo haikuweza kufanyika bila mfalme kuwapo. Kumbukumbu za mji zinarudia habari ile ile: mfalme yuko Tema, sikukuu haikufanyika. Ilikuwa sikukuu ya kipagani, lakini kwa wenyeji ndiyo iliyokuwa kipimo cha uaminifu wa mtawala wao. Hata Adad-guppi alipofariki mwaka 547 K.K., kumbukumbu hizo zinasema aliyeomboleza siku tatu pamoja na jeshi ni mwana wa mfalme. Katika miaka hiyo hiyo Koreshi aliishinda Umedi, kisha Lidia. Danieli naye, akiwa bado katika kazi ya serikali, aliona njozi zake mwaka wa kwanza na wa tatu wa Belshaza (Danieli 7:1, 8:1). Alipougua kwa uzito wa yale aliyoyaona, aliinuka akarudi kwenye kazi ya mfalme (Danieli 8:27).

Soma sasa Danieli 5:7, 16 na 29. Kwa nini Belshaza aliahidi nafasi ya tatu na si ya pili? Kwa muda mrefu wakosoaji walidai kwamba Belshaza hakuwahi kuwapo, kwa kuwa waandishi wa Kiyunani hawakumtaja. Mwaka 1854 mitungi midogo ya udongo ilifukuliwa kule Uru, na ndani ya maandishi yake Nabonidus anamwombea mwanawe mzaliwa wa kwanza, Belshaza. Baba alikuwa wa kwanza, mwana wa pili. Nafasi ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote alizoweza kutoa.

Nabonidus alirudi Babeli kama mwaka 543 K.K. Mwaka 539 K.K., Waajemi walipokaribia, alikusanya sanamu za miungu ya miji mingine akazileta Babeli. Asomaye Isaya 46:1, 2 ataona picha ya miungu inayobebwa kama mizigo badala ya kuwabeba watu wake. Miji iliyonyang'anywa miungu yake iliachwa na nini cha kuipigania? Jeshi lilishindwa kule Opis, kando ya mto Hidekeli. Sippar ilisalimu amri bila vita, na Nabonidus akakimbia. Siku mbili baadaye, Oktoba 12, majeshi ya Koreshi yaliingia Babeli. Herodotus anasimulia kwamba maji ya Frati yaligeuzwa ili askari wapite, huku watu wa ndani wakiwa katika karamu.

Belshaza alikufa usiku ule. Baba yake alikamatwa baadaye, na Berossus, kuhani wa Babeli aliyeandika kwa Kiyunani, anasema alipelekwa kuishi Karmania, mbali mashariki. Siku 17 baada ya mji kutekwa, Koreshi mwenyewe aliingia, akapokewa kwa amani. Sanamu zilizokusanywa zilirudishwa makwao. Navyo vyombo vya nyumba ya Bwana, ambavyo vingine vyake vilinywewa divai usiku ule, vilitolewa hazinani. Mithredathi akamhesabia Sheshbaza, jumla yake 5,400, vikasafirishwa kwenda Yerusalemu (Ezra 1:8–11).