Asili ya Madoa na Milia

Mvuvi wa Bumbire au Goziba anayechambua samaki wake alfajiri huiona mistari myeusi ubavuni mwa furu. Mgeni wa mbuga ya Burigi naye huiona milia ya punda. Imepangwaje mistari hiyo, ilhali kila mnyama huanza maisha yake kwa chembe moja isiyo na doa? Swali hilo lilimshughulisha marehemu Alan Turing katika miaka yake ya mwisho, nasi twaona si haki jina lake litajwe kwa habari za kompyuta na vita peke yake.

Alizaliwa London mwaka 1912, mwana wa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Bara Hindi. Mwaka 1936 aliweka msingi wa hesabu za kompyuta; wakati wa Vita Kuu ya Pili aliitumikia serikali yake kwa kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani.

Mwaka 1952 alitoa waraka ulioonyesha kwa hesabu kwamba kemikali mbili zatosha kuchora mwili. Kwa lugha nyepesi, moja hujizidisha, na papo hapo huizalisha ya pili ambayo huizuia. Lakini ile ya pili husambaa upesi zaidi. Ni kama duka katika kambi ya wavuvi: hustawi kwa wateja wake, na sifa zake zikienea humkatisha tamaa anayetaka kufungua jingine jirani. Nje ya upeo huo, jingine huchipuka. Ajabu ni kwamba kusambaa, ambako tumezoea kukuona kukisawazisha vitu kama chumvi mchuzini, hapa ndiko kunakozaa tofauti. Turing alikokotoa mifano yake kwa mkono na kwa kompyuta ya Manchester.

Mwaka huo huo mahakama ilimtia hatiani kwa uhusiano na mwanamume, kosa kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule. Alipewa dawa za homoni badala ya kifungo, akaondolewa katika kazi za siri. Alifariki tarehe 7 Juni, 1954, kwa sumu ya sianidi. Dola iliyomtegemea vitani ilimtendea hivyo, na msamaha wa Malkia ulikuja mwaka 2013! Hatuoni namna ya kulitaja jambo hilo kwa upole.

Wanabiolojia wengi hawakuujali waraka wake kwa muda mrefu. Mwaka 1995 Shigeru Kondo na Rihito Asai wa Japani walichunguza samaki wa matumbawe, wa jamii inayopatikana pia katika pwani yetu. Samaki walipokua, milia mipya ilizaliwa kati ya ile ya zamani, sawasawa na kompyuta ilivyoonyesha kwa hesabu za Turing.