Kompyuta yako inaganda ovyo? Soma jinsi Grace Hopper alivyowinda 'wadudu'

Omera, unaijua hiyo hali. Uko saiba pale Kondele, katikati ya kumjazia mteja fomu ya HELB, halafu kishale kinasimama. Kibodi haijibu. Kompyuta haijazima wala haijaonyesha kosa lolote, imeganda tu kama mbuta kwenye barafu. Unaizima kwa nguvu, unaiwasha, inakubali dakika arobaini, halafu mchezo ni ule ule. Mteja anaenda saiba ya jirani. Ukimwita fundi, mbele yake mashine inafanya kazi fiti kabisa na wewe unabaki kuonekana mwongo.

Hitilafu inayokaa mahali pamoja ni rahisi kuishika. Hii ya kuja na kwenda ndiyo inamaliza watu pesa, kwa sababu unaanza kukisia: leo unanunua RAM, kesho pawa saplai, kesho kutwa unaweka Windows upya, na bado inaganda. Ndiyo maana leo nakuletea mama mmoja aliyefariki kabla wengi wetu hatujazaliwa. Alipambana na mashine za aina hii wakati ambapo hakukuwa na fundi wa kuitwa, maana fundi alikuwa ni yeye na wenzake.

Alizaliwa Desemba 9, 1906 jijini New York, Marekani, akaitwa Grace Brewster Murray. Akiwa na miaka saba alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi, akaifungua. Ikamshinda kuirudisha, akafungua ya pili ili aone ile ya kwanza ilipaswa kuwaje. Kufikia mamake anagundua, saa saba za nyumba zilikuwa vipande vipande. Hapa kwetu ungelala umechapwa. Mamake alimwachia saa moja ya kuchezea, zingine akazitoa mkononi mwake.

Usidhani alikuwa genius wa kupita kila mtihani. Alianguka Kilatini, akasubiri mwaka mzima ndipo akaingia chuo cha Vassar. Baadaye akaenda Yale, akapata shahada ya uzamifu ya hisabati mwaka 1934, na pia akafundisha Vassar. Aliolewa na Vincent Hopper mwaka 1930, wakaachana 1945, lakini jina la Hopper akabaki nalo. (Mimi chuo niliacha katikati, kwa hivyo hizo shahada nazitaja kwa heshima tu.)

Vita Vikuu vya Pili vilipofika Marekani, Hopper alitaka kujiunga na jeshi la wanamaji. Walimkataa. Alikuwa ashapita miaka 34, na alikuwa mwembamba kupita kiasi, karibu kilo saba chini ya uzito uliotakiwa. Alisukuma hadi akapewa ruhusa maalum, akaapishwa Desemba 1943, na mwaka uliofuata akatumwa Chuo Kikuu cha Harvard. Huko alikutana na mashine iliyoitwa Mark I.

Sasa jaribu kuifikiria. Urefu wake ulikuwa mita 15, uzito zaidi ya tani nne, na ndani swichi, nyaya na magurudumu yanayozunguka. Maagizo yalisomwa kutoka kwa utepe wa karatasi wenye matundu. Kwa sekunde moja ilijumlisha mara tatu tu. Simu yako ya mitumba ingeicheka! Lakini ilikuwa vitani, ikikimbizwa mchana na usiku, ikipiga hesabu za mizinga na hata za bomu la atomiki, ingawa waliokuwa wakiiendesha hawakuambiwa hesabu hizo za bomu zilikuwa za nini. Mashine kama hiyo ikisimama saa nane usiku, huwezi kusema utaiangalia Jumatatu.

Walifanyaje? Hawakukisia. Walifuata hesabu hatua kwa hatua hadi wakafika mahali ilipoharibika. Wakati mwingine Hopper alizima taa za chumba, akachukua kioo chake kidogo cha kujipodolea, akakiingiza katikati ya nyaya kutafuta cheche mahali ambapo umeme unavuja. Na kila tukio liliandikwa kwenye daftari la kazi, na saa yake. Shika hiyo ya daftari, tutairudia.

Vita vikaisha, ikaja mashine nyingine, Mark II. Jumba lao lilikuwa la zamani, madirisha yako wazi, hayana wavu. Septemba 9, 1947 Mark II ikagoma. Mafundi wakaipekua hadi paneli F, swichi nambari 70. Ndani walikuta nondo, yule kipepeo wa usiku, amebanwa na kufia pale swichi inapofungia. Wakamtoa, wakambandika kwenye daftari kwa utepe wa gundi, na kando yake wakaandika kwamba hatimaye mdudu halisi amepatikana. Ulikuwa utani. Wahandisi walikuwa wakiita hitilafu 'mdudu' tangu enzi za Thomas Edison katika karne ya 19. Na tusidanganyane kama wale watu wa TikTok: si Hopper aliyemtoa nondo yule, na si yeye aliyebuni neno. Yeye ndiye aliyeisimulia hadithi kwa miaka mingi hadi dunia nzima ikaijua.

Sisi watu wa ziwani hii hatuhitaji kuelezwa sana. Umeona mawingu ya usubi yakitoka ziwani, na asubuhi wamejaa chini ya taa huko Dunga. Hao huingia kwenye sipiyu pia, feni inawavuta, wanakauka juu ya vumbi. Ongeza joto la Kisumu na stima inayopotea kisha kurudi kwa kishindo, na una sababu tatu za kompyuta kuganda kabla hata hujaanza kulaumu virusi.

Kwa hivyo chukua daftari la shilingi ishirini. Kila ikiganda, andika saa, ulikuwa unafanya nini, imewaka kwa muda gani, na kama stima ilitikisika. Fanya hivyo wiki moja. Ikiwa inaganda ikishapata moto, hasa mchana au ukicheza gemu, shuku joto. Chomoa waya wa stima kwanza, fungua ubavu, toa vumbi kwa brashi laini, angalia kama feni zote zinazunguka, na ubadilishe ile pesti iliyokauka kati ya prosesa na chuma cha kuipoza. Ikiwa inaganda bila mpangilio wowote, chomoa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, kisha uwashe na kijiti kimoja kimoja ujue ni kipi msumbufu. Ukisikia diski inagonga tik-tik, wacha kila kitu na unakili faili zako kwanza. Pawa saplai usiifungue kabisa, ndani yake hubaki umeme hata ukichomoa. Azima nyingine ujaribu nayo. La maana ni hili: badilisha kitu kimoja, kisha usubiri. Ukibadilisha viwili siku moja na ikapona, hujui ni kipi kilichoiponya, na fundi atakulipisha vyote.

Turudi kwa Hopper. Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu kwa mwanamke, na mwaka 1949 akahamia kampuni iliyokuwa ikiunda kompyuta ya UNIVAC. Miaka hiyo ilikuwa migumu. Pombe ilikaribia kummaliza. Alisimama tena, na 1952 akatengeneza programu ya kwanza ya aina yake, ya kugeuza maagizo yaliyoandikwa kwa alama rahisi kuwa lugha ya mashine. Wengi hawakuamini, walidhani kompyuta ni ya kupiga hesabu tu. Kutokana na kazi zake ikazaliwa lugha ya COBOL mwaka 1959, na mpaka leo kuna benki ambazo mifumo yake inategemea COBOL.

Jeshi lilimstaafisha 1966, likamwita tena mwaka uliofuata kwa sababu programu zao zilikuwa vurugu. Alibaki hadi 1986, akaondoka na cheo cha admirali akiwa na miaka 79. Kwenye mihadhara aligawa vipande vya waya vya karibu sentimita 30, ndio umbali ambao umeme hauwezi kuupita ndani ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ofisini alikuwa na saa ya ukutani inayozunguka kinyume. Ni kama vita vyake na saa havikuisha.

Alifariki Januari 1, 1992. Novemba 2016, Barack Obama, ambaye babake alizikwa Kogelo, mwendo mfupi tu kutoka hapa, alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais, miaka 24 baada ya kifo chake.

Lile daftari nalo liko kwenye makumbusho ya Smithsonian. Nondo bado yuko chini ya gundi, amekauka, na kando yake saa waliyomkuta: saa kumi kasorobo alasiri.