Emin Pasha, mpimaji wa mvua

Kwetu Marabo, kando ya barabara ya Bunia kwenda Komanda, mjomba wangu alikuwa na kopo la maziwa ya unga juu ya nguzo shambani. Kila mvua ikikatika aliingiza rula ndani ya kopo, akaandika katika daftari la shule tarehe, milimita, na neno moja au mawili juu ya upepo. Hakuna aliyemtuma, wala aliyemlipa. Tulipokimbia vita madaftari yalibaki nyumbani. Tuliporudi tulikuta moja tu, jalada lake limeliwa na mchwa. Sasa ninaandika kazi yangu ya kuhitimu juu ya majina ya majira katika Kibira na katika Kiswahili cha Ituri, na wazee wanapodai kwamba zamani mvua za kwanza ziliwahi, sina cha kulinganishia ila daftari hilo. Ndiyo maana nilipoanza kusoma habari za Emin Pasha, sikumsoma kama mtu aliyeokolewa na Stanley. Nilimsoma kama mwenzake mjomba.

Alizaliwa mwaka 1840 mjini Oppeln, katika Silesia, ambayo leo iko Polandi. Jina lake lilikuwa Eduard Schnitzer. Alihitimu udaktari mwaka 1864, lakini kwao hakupata kibali cha kutibu, basi akaenda kutumikia dola ya Waturuki, na baadaye akajiita Mehemet Emin. Wanaisimu watanisamehe nikisimama hapa kidogo: Emin ni lile lile Amin la Kiarabu, mwaminifu, lenye mzizi uliotupa amini, amana na imani. Alikuwa mtu wa lugha nyingi, na kila alikopita aliandika maneno ya watu pamoja na ndege na mimea yao.

Mwishoni mwa 1875 alifika Khartoum. Gordon akamchukua awe daktari wa Equatoria, jimbo la kusini kabisa la Sudan ya Misri, na mwaka 1878 Emin akawa gavana wake. Ugavana wake sitausifu sana. Wafuasi wa Mahdi walimkatia njia ya kaskazini, akahamia Wadelai kwenye Nile mwaka 1885, na miaka mitatu baadaye askari wake mwenyewe wakamfunga. Msafara wa Stanley uliokuja kumtoa ulipita katika msitu wetu wa Ituri ukinyang'anya vyakula na kuchoma vijiji. Kwetu wokovu huo ulikuwa na bei.

Lakini miaka yote hiyo alipima. Joto, kani ya hewa, upepo, mvua, siku baada ya siku, kwa mwandiko mdogo mno, kisha matokeo yakachapishwa Ulaya. Vyombo vyake vilikuwa vichache. Ili kujua kimo cha mahali, wasafiri wa wakati ule walichemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa kuwa kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini zaidi. Bunia, kwenye mita kama 1,250 hivi, sufuria huchemka karibu na nyuzi 96, wala si 100. (Maharagwe ya kwetu yanalijua hilo.) Kipimo kimoja hakisemi kitu. Vipimo vya mwaka mzima vinaanza kusema, na vya miaka kadhaa mahali pamoja, kama Lado, vilikuwa mali adimu katika bara ambalo wakati huo halikuwa na takwimu za hewa isipokuwa sehemu za pwani na vituo vichache.

Macho yake yalikuwa mabovu sana. Desemba 1889, usiku wa karamu ya kumkaribisha Bagamoyo, alianguka kutoka dirishani ghorofani akapasuka fuvu. Alipopona hakurudi Ulaya. Mwaka 1890 aliingia utumishi wa Wajerumani, akaanzisha kituo cha Bukoba, kisha akavuka mipaka aliyopewa na kuja magharibi, hadi Undussuma, nchi ya Mazamboni, pande za Irumu. Yaani kwetu.

Hapo ndipo ninaposhindwa kumwamulia. Mwishoni mwa 1891 ndui iliingia katika msafara. Emin alimwamuru msaidizi wake, Franz Stuhlmann, aondoke na wazima mwezi wa Desemba; yeye, karibu kipofu, alibaki na wagonjwa. Ni tendo la daktari. Lakini wapagazi wale hawakuchagua kuja Ituri, na waliomfuata kokote aliko ndio waliobeba vichwani barometa na karatasi zake. Aliyewaleta kwenye ndui na aliyebaki nao ni mtu mmoja.

Mwaka 1892 aliingia msituni kuelekea Mto Kongo. Oktoba, katika kijiji cha Kinena, watu waliotumwa na Kibonge walimuua akiwa mezani kwake. Shajara aliiendeleza hadi mwisho. Karatasi zake zilikutwa Kasongo mwaka 1893, majeshi ya Leopold yalipouteka mji huo kutoka kwa Waarabu. Stuhlmann ndiye aliyekuja kuhariri shajara hizo, na juzuu la kwanza likatoka mwaka 1916, miaka 24 baada ya mwenyewe kufa.

Mjomba naye amepata kopo jingine. Tangu mwaka jana, kila ninapofika Marabo napiga picha kurasa za daftari lake jipya. Katika Agosti kuna mistari mitatu yenye tarehe tu, bila namba. Nilimuuliza kama nijaze sufuri. Akakataa: siku hizo alikuwa na malaria, hakutoka nje, na pengine mvua ilinyesha.