Edgar Allan Poe na maiti ya muuza sigara

Hadithi za upelelezi zinapendwa sana na vijana wetu. Aliyezifungulia njia ni Mmarekani Edgar Allan Poe, na maisha yake yana somo kwa kila anayeshika kalamu.

Poe alizaliwa Boston mwaka 1809. Mama yake alifariki mwaka 1811, kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu. Akalelewa na John Allan, mfanyabiashara wa Richmond, ambaye baadaye walikosana. Tangu hapo Poe aliishi kwa kuandika, na umasikini haukumwacha. Aprili 1841 akachapisha hadithi ya kwanza ya Dupin, mtu wa Paris anayefumbua mauaji kwa kutumia akili.

Julai mwaka huohuo, maiti ya Mary Rogers, binti aliyewahi kuuza sigara New York, iliokotwa katika mto Hudson. Magazeti yalimchambua kwa miezi kadhaa. Oktoba mchumba wake akajiua.

Poe, akiwa Philadelphia, alikusanya habari za magazeti hayo akatunga hadithi. New York akaigeuza Paris, Hudson ukawa Seine, Mary akawa Marie Rogêt. Hakuficha alikoitoa. Kinyume chake, alijigamba kuwa Dupin atawaonyesha wapelelezi njia ya kumpata muuaji halisi.

Hadithi ilianza kutoka Novemba 1842 kwa sehemu tatu. Mwezi huohuo ukavuma uvumi mpya, kwamba Mary alikufa akitolewa mimba katika nyumba ya wageni. Sehemu ya mwisho ikachelewa hadi Februari 1843. Mwaka 1845 Poe aliichapisha tena kitabuni, akabadili maneno hapa na pale ili uvumi ule upate nafasi, kisha akadai kuwa ushahidi umethibitisha aliyoyasema. Ukweli ni kwamba kifo kile hakijapata ufumbuzi hadi leo.

Je, alikosea? Kuandika juu ya uhalifu si kosa, jamii hujifunza. Tatizo ni kuifanya dhana kuwa hukumu. Mary alikuwa na mama aliyemzaa, na mama huyo alikuwa hai. Kubadili jina la mji hakukumsitiri binti yake, maana kila msomaji alijua anayesemwa ni nani.

Poe alifariki Baltimore Oktoba 1849, akiwa na miaka 40. Kabla kaburi halijakauka, Rufus Griswold, mwandishi aliyekuwa na kinyongo naye, alichapisha tanzia ya kumchafua. Mwaka uliofuata akaandika maisha yake na kughushi barua zake. Watu waliamini picha hiyo kwa miaka mingi. Naye Poe, kama Mary, hakuweza kujibu.

Basi tunaoandika tujiulize kabla ya kuchapisha: lau marehemu huyu angekuwa dada yangu, ningeliandika hili? Maiti hana ulimi wa kujitetea. Heshima yake ni amana mikononi mwetu tulio hai.