Paul Ehrlich, daktari aliyegeuza sumu kuwa dawa kwa kubadili umbo lake

Leo hii mgonjwa wa malale katika jimbo la Kwilu au Mai-Ndombe anaweza kutibiwa kwa vidonge vya kumeza, siku 10 tu, kisha akaendelea na kazi zake shambani. Miaka 100 iliyopita, mgonjwa kama huyo alichomwa sindano ya aseniki, na aliyepona malale aliweza kubaki kipofu maisha yake yote. Kati ya nyakati hizo mbili kuna safari ndefu ya utafiti, na mmoja wa watu walioianzisha ni Mjerumani aitwaye Paul Ehrlich.

Ehrlich alikuwa daktari, lakini muda wake mwingi aliutumia kuuliza swali la kemia: kwa nini kitu kimoja kinaua kijidudu na kingine kinachofanana nacho hakifanyi lolote? Jibu alilolitafuta lilikuwa katika umbo la molekuli, yaani namna atomu zake zilivyoungana.

Kijana wa rangi

Alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka wa 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, uliokuwa sehemu ya ufalme wa Prussia na ambao leo uko nchini Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi; baba yake aliendesha nyumba ya wageni na kutengeneza pombe kali. Binamu yake, Karl Weigert, aliyemzidi umri, alikuwa daktari mtafiti na mmoja wa watu wa kwanza kutumia rangi za viwandani ili kuona bakteria kwa darubini. Ni kwake Ehrlich alijifunza kupenda rangi.

Wakati huo viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitoa rangi mpya za nguo kila mwaka. Ehrlich alizichukua na kuzitia kwenye vipande vya nyama ya mwili. Aliona kwamba rangi moja hushika aina moja ya seli na kuziacha nyingine bila doa. Akiwa mwanafunzi alisoma pia kuhusu watu waliodhurika na madini ya risasi, na namna sumu hiyo inavyojikusanya katika viungo fulani vya mwili kuliko vingine. Kwake mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja: kitu hufanya kazi mwilini pale tu kinapopata mahali pa kushika.

Mwaka wa 1878 alipata shahada ya udaktari mjini Leipzig kwa kazi iliyohusu rangi hizo, kisha akaajiriwa katika hospitali ya Charité mjini Berlin. Huko aliweka msingi wa kutenganisha aina za seli nyeupe za damu, jambo ambalo maabara za hospitali zinaendelea kulifanya hadi leo. Mwaka wa 1882, Robert Koch alipotangaza kwamba amegundua bakteria ya kifua kikuu, Ehrlich alikuwa ukumbini, na baada ya muda mfupi alipata njia bora zaidi ya kuipaka rangi ionekane. Mwaka uliofuata alimuoa Hedwig Pinkus, nao wakapata mabinti wawili. Miaka michache baadaye yeye mwenyewe alipatwa na kifua kikuu, akaenda Misri na mke wake kutafuta nafuu, akapona.

Ufunguo na kufuli

Mwaka wa 1891, Ehrlich na mwenzake Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria rangi ya bluu ya methileni, ile ile aliyokuwa akiitumia kupaka vijidudu vya malaria chini ya darubini. Wagonjwa walipata nafuu. Rangi hiyo haikuweza kushindana na kwinini, lakini ilionyesha kwamba rangi inayoshika kijidudu inaweza pia kukidhuru.

Alifanya kazi pia kuhusu seramu ya kutibu dondakoo, na ni yeye aliyetengeneza kipimo cha kuhakikisha kila chupa ina nguvu ile ile. Kutokana na kazi hiyo alieleza kwamba seli zina sehemu maalumu za kupokea vitu, na kwamba kitu hakishiki sehemu hizo mpaka kilingane nazo kama ufunguo unavyolingana na kufuli. Mfano huo wa ufunguo aliutoa kwa mwanakemia Emil Fischer. Mwaka wa 1908 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Élie Metchnikoff kwa kazi zao juu ya kinga ya mwili.

Wakati huo tayari alikuwa Frankfurt, mkuu wa taasisi ya utafiti. Karibu nayo, mjane wa benki mmoja, Franziska Speyer, alitoa fedha za kujenga taasisi ya pili, Georg-Speyer-Haus, kwa ajili ya kutafuta dawa za kemikali tu. Wafanyakazi wake walimjua kwa sigara nene zisizozimika, mikono yenye madoa ya rangi, na vikaratasi vya rangi mbalimbali alivyomwandikia kila msaidizi kila siku, vyenye maagizo ya kazi.

Malale na sumu ya aseniki

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale ilikuwa imeua mamia ya maelfu ya watu katika bonde la Congo na kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka wa 1904 Ehrlich na Mjapani Kiyoshi Shiga walipata rangi nyekundu iliyoponya panya walioambukizwa kijidudu cha jamii ile ile ya malale, lakini ilifanya kazi kwa aina moja tu ya kijidudu na kwa wanyama wachache.

Mwaka wa 1905 watafiti wawili wa Liverpool, Thomas na Breinl, walionyesha kwamba atoxyl, dawa ya aseniki, inaua vijidudu vya malale katika wanyama. Jina lake lilimaanisha kwamba haina sumu. Haikuwa kweli. Robert Koch aliipeleka katika visiwa vya Sese, Uganda, akatibu wagonjwa wengi, na alipoongeza kipimo baadhi yao wakapofuka bila kupona tena. Ilitumiwa pia katika Congo, na matatizo yakawa yale yale.

Hapo ndipo swali la Ehrlich lilipopata uzito wa uhai na kifo. Kama atoxyl inaua kijidudu na pia inaharibu macho, je, inawezekana kuibadilisha ili ibaki na uwezo wa kwanza na kupoteza wa pili? Ili kujua, ilibidi kwanza kujua imejengwaje. Kwa karibu miaka 50 wanakemia waliamini kwamba aseniki yake imefungwa kwenye nitrojeni, na kwa hiyo hakuna pa kushikia ili kuibadilisha.

Mwaka wa 1907 Ehrlich na mwanakemia wake Alfred Bertheim walithibitisha kwamba imani hiyo ni makosa. Molekuli ya atoxyl ina pete ya kaboni 6. Aseniki imekaa upande mmoja wa pete, na nitrojeni imekaa upande wa pili, ikiwa huru. Nitrojeni hiyo huru ni kama mpini: wanakemia wa viwanda vya rangi walijua njia nyingi za kuifunga kwa vitu vingine. Tangu hapo maabara ya Frankfurt ikaanza kutengeneza ndugu za atoxyl, moja baada ya nyingine, mamia kwa mamia, kila moja ikitofautiana na nyingine kwa sehemu ndogo. Kila moja ilipewa namba na kujaribiwa kwa wanyama.

Matokeo yaliwafundisha jambo muhimu. Atoxyl yenyewe ikiwekwa kwenye chupa pamoja na vijidudu vya malale, haiviui. Ni mwili unaoigeuza aseniki yake kuwa ya hali nyingine, na hiyo ndiyo inayoua. Basi Ehrlich akaamua kutengeneza moja kwa moja dawa zenye aseniki ya hali hiyo.

Namba 606

Moja kati ya dawa hizo ilikuwa namba 606. Ilijaribiwa, msaidizi mmoja akasema haifai, ikawekwa kando. Mwaka wa 1909 alifika kutoka Tokyo mtafiti Sahachiro Hata, ambaye alijua namna ya kumwambukiza sungura kaswende. Bakteria ya ugonjwa huo ilikuwa imegunduliwa miaka minne tu kabla. Ehrlich alimwomba Hata arudie majaribio ya dawa zote, hata zilizokataliwa. Namba 606 iliponya vidonda vya sungura.

Mwezi wa nne mwaka wa 1910 habari hiyo ilitangazwa katika mkutano wa madaktari mjini Wiesbaden. Kaswende ilikuwa ikiharibu ubongo, moyo na watoto tumboni, na matibabu yake ya zebaki yalikuwa mateso. Kabla ya dawa kuuzwa, Ehrlich alisambaza bure dozi zipatazo 65,000 kwa madaktari, akitaka ripoti ya kila mgonjwa. Kampuni ya Hoechst ikaanza kuiuza kwa jina la Salvarsan. Ilifaa pia kwa buba.

Lakini dawa hiyo ilikuwa ngumu. Ikiguswa na hewa iliharibika na kuwa na sumu zaidi. Madaktari wengine waliichanganya vibaya. Wagonjwa walipata vidonda, na baadhi walikufa. Mwaka wa 1912 Ehrlich alitoa namba 914, Neosalvarsan, iliyoyeyuka vizuri majini, ingawa nguvu yake ilikuwa pungufu kidogo. Wapinzani hawakunyamaza. Walimshutumu kwa kutafuta fedha na kwa kuwajaribia watu dawa, na maneno mengine yalikuwa ya chuki dhidi ya Wayahudi. Kesi ya kashfa iliyofunguliwa Frankfurt mwaka wa 1914 ilimalizika kwa mchapishaji wa gazeti lililomshambulia kufungwa jela, lakini afya ya Ehrlich ilikuwa imeshazorota. Alifariki tarehe 20 mwezi wa nane mwaka wa 1915 mjini Bad Homburg, akiwa na miaka 61, akazikwa katika makaburi ya Wayahudi ya Frankfurt.

Alichoacha

Utawala wa Wanazi ulifuta jina lake kwenye barabara, na mjane wake akalazimika kuhama Ujerumani. Baada ya vita jina lilirudishwa, na taasisi ya serikali ya Ujerumani inayosimamia chanjo inaitwa Paul-Ehrlich-Institut.

Mwaka wa 2005 watafiti wa New Zealand walichunguza Salvarsan kwa mashine za kisasa. Ehrlich aliamini kwamba ndani yake aseniki mbili zimeshikana wawili wawili. Walichokuta ni pete za aseniki tatu na pete za aseniki tano. Mtu aliyefundisha dunia kwamba umbo ndilo linaloamua alikuwa amekosea umbo la dawa yake maarufu kuliko zote. Hata hivyo, njia yake ya kazi haikukosea: jua molekuli imejengwaje, badili sehemu moja, jaribu, andika matokeo, rudia.

Njia hiyo iliifikia Congo mapema. Mwaka wa 1920 daktari Mmarekani Louise Pearce alileta Léopoldville, leo Kinshasa, dawa ya tryparsamide, iliyojengwa juu ya umbo lile lile la atoxyl. Iliwaponya wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ubongo, ingawa macho ya baadhi yao yaliendelea kudhurika. Mwaka wa 1949 ikaja melarsoprol, nayo ya aseniki, iliyochoma mishipa na kuua karibu mgonjwa 1 kati ya 20 waliotibiwa nayo.

Aseniki ilikuja kuachwa polepole. Vidonge vya fexinidazole, vilivyofanyiwa majaribio hasa nchini RDC na kuidhinishwa mwaka wa 2018, havina aseniki hata kidogo. Molekuli yake ilitengenezwa zamani na Hoechst, kampuni ile ile iliyouza Salvarsan, kisha ikaachwa kabatini. Kama namba 606, ilisubiri mpaka watafiti wengine walipoichukua na kuijaribu upya.