MSOMI WA MAURITIUS ALIYEJIDUNGA SINDANO

Nataka kuwasimulieni habari za Charles-Édouard Brown-Séquard, mtoto wa kisiwa cha Bahari yetu ya Hindi.

Alizaliwa Port Louis, Mauritius, tarehe 8 Aprili 1817. Baba yake, nahodha Mmarekani, alipotea baharini kabla mwana hajazaliwa. Mama mjane akamlea kwa kazi ya kushona. Mwaka 1838 kijana alikwenda Paris akitaka kuwa mtunga vitabu. Jambo hilo halikufaulu, akashika udaktari, akafuzu mwaka 1846.

Aliuchunguza uti wa mgongo kwa bidii, na hata leo maradhi yatokanayo na kukatika nusu ya uti huo huitwa kwa jina lake. Aliporudi Mauritius mwaka 1854 alikuta kipindupindu, akauguza watu wa kwao. Mwaka 1856 alionyesha kuwa mnyama akiondolewa tezi zilizo juu ya mafigo hufa. Alifundisha Harvard, Marekani, na mwaka 1878 akashika nafasi ya Claude Bernard huko Collège de France.

Basi mwaka 1889, akiwa mzee wa miaka 72, aliwashangaza wataalamu wenziwe. Aliwaambia kuwa amejidunga maji yaliyokamuliwa katika korodani za mbwa na simbilisi, na nguvu zimemrudia. Wengine walimcheka, wachuuzi nao wakauza dawa za namna hiyo. Sasa twajua kuwa homoni ya kiume haiyeyuki vema katika maji, kwa hiyo dawa yake ilikuwa karibu tupu. Nguvu zile zilitokana na kuamini kwake. Alifariki mwaka 1894.

Je, alijivunjia heshima bure? Mimi nasema sivyo. Wazo lake kwamba tezi humimina kitu katika damu, na kwamba aliyepungukiwa aweza kuongezewa, lilikuwa kweli. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Uingereza alimtibu mwanamke kwa maji ya tezi ya shingo ya kondoo, naye akapata nafuu kubwa. Mwaka 1929 homoni ya kike ilipatikana ikiwa safi, na mwaka 1935 ya kiume. Leo mwanamume mgonjwa ambaye damu yake imepimwa ikaonekana na upungufu aweza kupewa homoni. Vivyo hivyo mama anayeteswa na joto la ghafula hedhi inapokoma. Lakini dawa hizo zaweza kuleta madhara, kama damu kuganda, kwa hiyo ni daktari apimaye faida na hatari.

Wenzangu, mzee huyu atufunza mambo mawili. Wazo jema lisitupwe kwa kuwa jaribio la kwanza limeshindwa. Tena, mtu mmoja kujisikia vizuri si ushahidi, hata akiwa profesa. Tuyakumbuke hayo kila tusikiapo mchuuzi akitangaza dawa ya kurudisha ujana.