Alessandro Volta na Betri ya Lori

Ukitazama ubavuni mwa betri ya lori utaona namba 12, na baada yake herufi V. Mwanakisomo aliyefika hatua ya kusoma kitabu hiki hashindwi na herufi hiyo. Lakini V ile si herufi tu. Ni mwanzo wa neno volti, na volti limetokana na jina la mtu. Mtu huyo aliitwa Alessandro Volta. Hakuona lori hata siku moja, kwa sababu alikufa mwaka 1827, wakati malori yalikuwa hayajatengenezwa. Hata hivyo, dereva anapozungusha ufunguo alfajiri, kazi ya Volta ndiyo inayotangulia. Ikishindwa, lori halitoki.

Volta alizaliwa tarehe 18 Februari, 1745, katika mji wa Como, kaskazini ya Italia, kando ya ziwa. Ukoo wake ulikuwa wa watu wa heshima, lakini mali ilikuwa imepungua. Baba yake alikufa Volta akiwa bado mtoto, akaacha madeni. Inasemekana kwamba mtoto huyu alichelewa sana kusema. Alifika miaka minne hivi ndipo maneno yakaanza kumtoka, na watu wa nyumbani walikwisha kudhani kuwa ana upungufu wa akili. Alipokua, watu wa ukoo walitaka asome sheria, na mapadre waliomfundisha walitaka awe padre. Yeye alipenda mambo ya umeme. Hakusoma chuo kikuu. Alijifundisha mwenyewe kwa kusoma vitabu, kwa kuandikiana barua na wataalamu wa nchi nyingine, na kwa kufanya majaribio kwa mikono yake. Sisi tunaofanya kazi ya elimu ya watu wazima hatuna budi kumpenda mtu wa namna hiyo.

Umeme wa siku zile haukuwa wa kuwasha taa. Watu walisugua kioo kwa kitambaa, cheche ikaruka mara moja, ikaisha. Ilikuwa kama mchezo. Volta hakuridhika na mchezo. Alitaka kujua umeme ni kiasi gani. Alitengeneza kipimo cha majani makavu mawili ya ngano yaliyoning'inizwa ndani ya chupa. Yakitiwa umeme, majani yale yalitengana, naye alihesabu yametengana kwa kiasi gani. Tukumbuke jambo hilo. Wengi waliucheza umeme, lakini Volta aliupima.

Mwaka 1774 alipata kazi katika shule za mji wa Como. Mwaka 1776 alikwenda kwenye Ziwa Maggiore, akachokoa tope kwa fimbo mahali penye majani yaliyooza. Mapovu yalipanda, naye akayakusanya ndani ya chupa. Hewa ile ilishika moto. Ndiyo gesi ambayo leo watu huipata katika mashimo ya samadi na kupikia. Volta alitengeneza hata bastola ya kuchezea iliyojazwa gesi na hewa. Alipoipiga cheche ya umeme, kizibo kiliruka kwa kishindo.

Hapo nataka kusimama kidogo kwa ajili ya wenzetu wanaoshughulika na magari. Betri ya lori inapochajiwa hutoa gesi nyingine, jina lake haidrojeni, nayo hushika moto upesi kuliko ile ya tope. Mtu anayechungulia maji ya betri huku sigara iko mdomoni, au anayemulika kwa kiberiti, ameishika bastola ya Volta karibu na macho yake. Betri ikipasuka humwaga asidi, na asidi hupofusha. Ndiyo maana fundi hufungua kwanza waya wa kichwa cha hasi, wenye alama ya kutoa, na wakati wa kufunga huufunga mwisho. Akifanya hivyo, spana ikigusa bodi ya gari haitatoa cheche. Asidi ikimrukia mtu, aoshe mahali hapo kwa maji mengi mara moja, na akiwa ameumia jicho aendelee kuliosha na apelekwe hospitali.

Sasa turudi kwa Volta. Mwaka 1778 alipewa kazi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Pavia, yeye ambaye hakukisoma. Alikaa hapo karibu miaka 40. Alimpenda mwimbaji mmoja wa kike, lakini watu wake walikataa ndoa hiyo. Mwishowe, mwaka 1794, alimwoa Teresa Peregrini, yeye mwenyewe akiwa na umri wa miaka 49. Walizaa watoto watatu wa kiume.

Wakati huo mjini Bologna alikuwako daktari jina lake Luigi Galvani. Alikuwa akipasua vyura ili achunguze miili yao. Aliona kwamba mguu wa chura aliyekufa, ukiguswa kwa metali mbili tofauti, huruka kana kwamba chura yu hai. Mwaka 1791 aliandika kwamba umeme unatoka ndani ya chura mwenyewe. Habari hiyo ilienea Ulaya nzima. Volta naye aliisadiki mwanzoni. Kisha akaanza kuifanya kazi ile mwenyewe, na shaka ikamwingia. Kwa nini lazima metali ziwe mbili tofauti? Alimweka chura kando, akaweka kipande cha metali moja juu ya ulimi wake na kipande cha fedha chini yake, akavigusanisha. Akasikia ladha ya uchachu. Chura hakuwapo, lakini umeme ulikuwapo. Akaona kuwa umeme unatoka kwenye metali.

Ubishi ukawa mkubwa, na wataalamu wakagawanyika pande mbili. Galvani alikufa mwaka 1798 akiwa amefukuzwa kazi kwa sababu alikataa kula kiapo cha serikali mpya iliyoletwa na Wafaransa. Hakuuona mwisho wa ubishi huo. Kwa haki yake tuseme kwamba hakukosea kabisa, maana leo inajulikana kwamba mishipa ya fahamu ya wanyama na watu hutumia umeme. Volta naye hakuelewa yote. Alidhani kugusana kwa metali mbili kunatosha, kumbe yale maji ya chumvi yaliyo kati yake yanafanya kazi kubwa.

Ili athibitishe maneno yake, Volta alichukua visahani vya fedha au shaba na visahani vya zinki. Aliweka kimoja cha fedha, kimoja cha zinki, kisha karatasi nene iliyoloweshwa kwa maji ya chumvi. Akaanza tena: fedha, zinki, karatasi, mpaka likawa rundo refu. Aliposhika juu kwa mkono mmoja na chini kwa mkono mwingine, umeme ulimpiga. Alipoachia na kushika tena, ulimpiga tena. Haukuisha kama cheche ya kioo. Kwa mara ya kwanza umeme ulitiririka kama maji ya mfereji. Tarehe 20 Machi, 1800, aliandika barua kwenda London kwa mkuu wa chama cha wataalamu wa Uingereza, akaeleza kila kitu ili mtu yeyote aweze kulitengeneza. Ile ndiyo betri ya kwanza.

Lakini rundo lilikuwa na ugonjwa. Karatasi zilikauka, na zikikauka nguvu hupotea. Basi katika barua ileile Volta alieleza njia ya pili. Alipanga vikombe vingi vyenye maji ya chumvi, akaviunganisha kwa vipande vya metali kutoka kikombe kimoja hadi kingine. Kila kikombe kikaongeza nguvu yake juu ya nguvu za wenzake.

Ukiifungua betri ya lori ya zamani, yenye vizibo sita, utaviona vikombe vya Volta. Kila tundu ni chumba chake, na kila chumba hutoa volti 2 hivi. Vyumba sita ni volti 12. Lori kubwa mara nyingi huwa na betri mbili zilizofuatanishwa, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, na jumla ni volti 24. Nguvu hiyo inahitajika. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Huwasha mafuta kwa kubana hewa mpaka iwe moto sana, na kuigeuza injini ya namna hiyo ikiwa baridi ni kazi nzito.

Ugonjwa wa kukauka haujatoka. Mwaka uleule wa 1800, Waingereza wawili, Nicholson na Carlisle, waliposikia habari za barua ya Volta walitengeneza rundo lao, wakatia nyaya zake ndani ya maji. Maji yakageuka gesi. Jambo hilohilo hutokea ndani ya betri inapochajiwa: maji huondoka kidogo kidogo yakiwa gesi, asidi inabaki. Kwa hiyo dereva anayeongeza asidi kila maji yanapopungua anaiua betri yake. Aongeze maji safi ya betri yanayouzwa dukani, yasiyo na chumvi wala madini, si ya mtoni wala ya bomba. Mabamba ya risasi yafunikwe, maji yapite juu yake kiasi cha upana wa kidole, asijaze mpaka kwenye kizibo. Siku hizi ziko betri zilizozibwa kabisa. Hizo zisifunguliwe.

Vichwa vya betri navyo viangaliwe. Unga mweupe au wa kijani unaoota pale huzuia umeme. Uoshwe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, vizibo vikiwa vimefungwa, visuguliwe, vikazwe, kisha vipakwe grisi. Betri yenyewe ifungwe imara, maana mtikisiko wa barabara zetu huangusha unga wa mabamba.

Juu ya kupima, nina kisa changu. Mwaka mmoja nilipanda lori lililobeba magunia 40 ya mahindi ya wanakijiji. Jioni tulisimama njiani, dereva akazima injini apate kula. Kuwasha, haikuwaka. Dereva alikuwa na mita ya volti, akapima betri zote mbili kwa pamoja, mita ikasoma 24.2. Akasema betri ni nzima na kosa liko kwenye stata. Stata ikafunguliwa usiku kucha kwa mwanga wa kurunzi. Mvua ikanyesha, turubai lilikuwa limetoboka, na mahindi yakalowa. Baadhi yake yalikwisha kuchipua tulipofika. Asubuhi alipita fundi mzee, akapima kila betri peke yake. Moja ilisoma 12.7. Ya pili ilisoma 11.5. Jumlisha mwenyewe, ndugu msomaji, utapata 24.2 ileile. Betri moja ilikuwa imekufa na nyingine ikaificha. Sababu ilikuwa redio ya volti 12 iliyoungwa kwenye betri moja tu, ikaimaliza siku baada ya siku.

Yule mzee alitueleza hesabu yake. Betri ipimwe baada ya kupumzika saa kadhaa. Ikisoma 12.6 au zaidi imejaa, 12.2 iko nusu hivi. 12 imekaribia kwisha. Mwenzako anapopiga stata, mita isishuke chini ya 9.6 kwa kila betri. Injini ikiwa inanguruma, betri mbili kwa pamoja zisome kama 28, na zisipozidi 25 tazama mkanda na altaneta kabla ya kulaumu betri. Kwa betri yenye vizibo kuna kipimo cha kufyonza maji, haidromita, chenye kuelea ndani yake. Chumba kilichojaa nguvu husoma karibu 1.26, kilichokwisha 1.12. Chumba kimoja kikiwa chini sana kuliko wenzake watano, hicho ndicho kibovu. Na betri za lori hubadilishwa mbili pamoja, kwa sababu mpya ikifungwa na chakavu, chakavu huivuta.

Volta alipata heshima kubwa. Mwaka 1801 aliitwa Paris, akaonyesha rundo lake mbele ya Napoleon, akapewa medali ya dhahabu. Mwaka 1810 alifanywa kabaila. Lakini mwaka 1814 mmoja wa wanawe, Flaminio, alikufa kijana, na heshima zile hazikumfuta machozi. Mwaka 1819 aliacha kazi, akarudi Como. Alikufa huko tarehe 5 Machi, 1827, akiwa na umri wa miaka 82.

Rundo lake lilikuwa likiisha limeisha, halichajiwi. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitia mabamba ya risasi ndani ya asidi, akapata betri inayoweza kujazwa tena, ambayo ndiyo baba wa hii ya lori. Mwaka 1881 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Paris, wakakubaliana kwamba kipimo cha nguvu ya umeme kiitwe volti.

Mwaka 1899 watu wa Como walifanya maonyesho ya kukumbuka miaka 100 ya rundo. Moto ukazuka, ukateketeza vyombo vingi alivyovitengeneza Volta kwa mikono yake. Vingine viliokolewa, na vilivyoungua vilitengenezwa upya kwa kufuata mfano. Viko katika jengo la makumbusho yake kando ya lile ziwa, pamoja na rundo la visahani na safu ya vikombe.